Wanataka Kuifuta Pumzi Yako

Bisi,

Kiti chako cha saluni kimeshakaliwa. Ni kijana wa Uvira, ana mkono mwepesi, ananyoa vizuri, ila hana redio. Nilipita hapo Jumatatu nikitoka kazini, nikasimama mlangoni nikamwangalia, halafu nikaenda zangu kununua nyanya. Nilidhani nitasikia kitu moyoni. Wapi! Nilinunua nyanya, nikapika, nikala, nikaosha sahani.

Ndivyo nilivyo tangu ufe. Watu wananipa pole, nami najibu asante, basi, imeisha. Kiwandani naendelea kushona mifuniko ya magodoro, mstari kwenda, mstari kurudi, na msimamizi ameniambia siku hizi kazi yangu imekuwa nzuri kuliko zamani. Unaona mambo. Majirani hapa Nsambya wananitazama machoni wakitafuta machozi, na mimi sina cha kuwaonyesha. Nadhani wameanza kunisema.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi kulitokea jambo kwenye ukumbi kule Lubaga, na tangu siku hiyo watu wetu hawaelewani kama lilikuwa hip hop au halikuwa. Ungekuwepo ungekata shauri kwa neno moja, ungekosea nusu, na tungegombana mpaka chai ipoe. Sasa sina wa kugombana naye. Wacha nieleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nikiruka nitapotea.

Unakumbuka lile bomba la maji pale uani. Mimi Mkenya niliyekuja kutafuta kazi, wewe Mkongo wa Bukavu uliyefika na mama yako mkikimbia vita, tumepanga vyumba vinavyotazamana na hata salamu hatupeani vizuri. Jumapili hiyo nafua overoli zangu, nawe nyuma ya pazia unafanya mazoezi. Mistari ilikuwa mizuri, haki ya nani, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa na mwisho. Pumu yako ilikuwa inakukaba ukikaribia neno la mwisho, na lile neno linafia kooni. Nilivumilia mmoja, nikavumilia wa pili. Wa tatu ulishindwa kusema "mpaka", nami nikausema, kwa sauti, kwa hasira, bila kuinua kichwa kwenye beseni.

Ukaanza mwingine, nikaumalizia. Ukatoka nje taulo begani, miguu mitupu kwenye povu langu, ukaniambia, "Dada, rudia." Nikakujibu kwamba mimi nina nguo za kufua, sina muda wa kurudia vitu. Basi ukachukua ndoo ukasuuza overoli zote huku ukighani, nami nadaka miisho. Ulisuuza vibaya sana. Nilirudia zote ulipoingia ndani.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Wewe unaanza mstari, mimi natazama mabega yako. Yakipanda, najua pumzi imeisha, naingia na neno la mwisho, wewe unavuta hewa, unaanza mstari unaofuata. Watu walidhani ni mtindo. Wengine walijaribu hata kuuiga, wawili wazima wenye mapafu ya ng'ombe wanadakiana maneno. Ilikuwa pumu tu, jamani.

Na ungeweza kujirahisishia maisha. Hapa Kampala msanii anapanda jukwaani na flashi mkononi, wimbo wote unapigwa na sauti yake imo ndani, yeye anarukaruka na maiki iliyozimwa, watu wanashangilia, anashuka hata jasho hana. Pleibaki. Wewe, mtu pekee niliyemjua mwenye sababu ya maana ya kutumia pleibaki, ndiye uliyeichukia kuliko wote. Kila Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa ile gereji nyuma ya soko la Nakawa ambako vijana wetu wanasimama duara na kughani, ulisema lile lile, pampu ya pumu mfukoni, kwa Kiswahili chako cha Bukavu, ambako "ndiyo" ni "njo": "Pumuzi njo hip hop. Ile ingine yote njo matangazo."

Duara lilikuwa na sheria zake na wote tuliziogopa. Maneno yako mwenyewe, mdomo wako mwenyewe, bila kusoma kwenye simu. Na mistari ya mtu haisemwi na mtu mwingine, hata akiwa amesafiri, hata akiwa amelala hospitali. Mlinzi wa sheria alikuwa Ssema, didjei wetu, yule Muganda wa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kwenye pleibaki mlikubaliana. Kwa mengine yote mlikuwa paka na panya. "Kiswahiri ni lugha ya askali," alikuwa anakuambia, r na l zikibadilishana mdomoni mwake kama kawaida. "Hip hop ya Kampala ya kweri ni Luganda." Nawe unamjibu, "Mi nalia mu Kiswahili. Nirape mu Luganda juu ya nini?" Wiki inayofuata mnaanza upya kana kwamba hamjawahi kuongea.

Jambo lingine mlilokubaliana lilikuwa mimi. Mimi si rapa. Mimi ni kasuku, nasema neno moja moja, tena la mtu mwingine. Ssema alilisema wazi, duara zima likacheka, na wewe ukacheka nao. Tukiwa njiani kurudi nilikuuliza ulichekea nini. Ukaniambia, "Wewe uko mapafu yangu, dada." Lilikuwa neno tamu. Lakini uliniambia mimi, barabarani, watu wakiwa wameshaenda. Nilitaka uwaambie wao. Hilo bado linaniuma, na nashangaa kwamba ndilo jambo pekee linaloniuma siku hizi.

Sasa nije kwenye mambo yenyewe.

Ulikufa asubuhi, wembe mkononi, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Pampu ilikuwa mfukoni na ulivuta, wanasema ulivuta mara nyingi, na haikutosha. Yule mteja ni dereva wa lori anayeleta saruji kutoka upande wa Busia, yule mwenye shingo nene anayependa kubishana mpira. Ndiye aliyekubeba mpaka kwenye gari. Na alikuja msibani na kichwa chake vile vile, upande mmoja umenyolewa, upande mmoja una nywele. Watu wakamwambia nenda kamalizie, mzee, unachekesha. Akakataa. Akasema aliyeanza hajamaliza, na yeye hawezi kukaa chini ya mkono mwingine kabla hujazikwa. Alikaa msibani hivyo, anakula wali na watu wazima, hakuna aliyethubutu kucheka. Nilimtazama muda mrefu. Nilijua ni jambo la kuhuzunisha. Nililijua kichwani tu.

Mama yako alikaa kwenye mkeka na wanawake wa kwaya wakamzunguka, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Vijana wa duara walisimama nyuma na majaketi yao ya kofia, hawajui waweke wapi mikono. Unajua mama hakuwahi kuja kutusikia hata siku moja. Kwake kazi yetu ilikuwa "kugombana na maiki". Tulikuzika hapa hapa, kwa sababu Bukavu hakufikiki. Nilitupa udongo wangu. Nikanawa mikono.

Baada ya hapo Ssema akaja kwangu na habari ya kumbukumbu. Amepata ukumbi Lubaga, Jumamosi mchana, mlango wazi kwa wote, na wimbo wetu ndio utakaofunga shughuli. Akatoa simu, akanipa spika za masikioni. "Sikiriza," akasema. Ilikuwa sauti yako, ile tuliyorekodi kwa yule prodyuza wa Makindye, peke yake bila biti. Ila ilikuwa imesafishwa. Unakumbuka mlivyogombana na yule prodyuza, anataka kukata zile pumzi zote katikati ya mistari, ati zinachafua kazi, redio hazitazipenda, nawe ukasimama nyuma ya kiti chake mpaka akatoa mkono kwenye kipanya. Basi, hakuwepo tena wa kusimama nyuma ya kiti. Alikata zote. Mistari imefuatana bila hata nafasi ya kumeza mate, miisho yangu imeshushwa chini kabisa, na wewe una mapafu ya bingwa wa kuogelea.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza Ssema huyu ni nani. Akasema, "Ni Bisi, wewe! Bisi msafi." Akanieleza mpango: sauti hii ipigwe ukumbini, mimi nisimame nidake miisho juu yake.

Nikamwambia hiyo ni pleibaki.

Akavua kofia. Mara ya kwanza namwona bila kofia, ana upara kijana wa watu. Akasema kwa marehemu ni tofauti, ni heshima. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyewafukuza watu duarani kwa kosa hilo hilo. Akasema sawa, basi, kama hutaki pleibaki, sema mistari yake wewe. Nikamwambia mistari ya mtu haisemwi na mtu mwingine. Akaniuliza, kwa hasira sasa, nifanye nini basi, nimfufue?

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sijalimwambia mtu. Hata kama sheria ingeniruhusu, Bisi, mimi siijui mistari yako. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikiliza mabega. Nasikiliza kifua kinavyolia. Maneno ya katikati yalinipita. Ninayo ya mwisho tu: mpaka, shaka, haraka, kuwaka. Nikijaribu kukumbuka yaliyotangulia, nasikia hewa inavutwa. Nilikaa kitandani najaribu, na kila mahali ni hewa tu.

Nikamwambia Ssema aniletee biti tupu, nitaona cha kufanya. Hakuuliza zaidi. Nadhani alidhani nimeandika kitu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Duara lote la Nakawa, wateja wako, yule dereva akiwa amenyolewa upara mzima sasa, na mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki, mama yako na kwaya yake, wamevaa vitenge vya sare. Alikuja kwa sababu ilikuwa kumbukumbu, na kwenye kumbukumbu ya mtoto wake mama haendi kukaa nyuma. Ssema akaachia biti. Nikasimama upande wangu wa kushoto, upande wako nikauacha wazi, na nikafanya kazi yangu. Kazi yangu tu. Biti inakwenda, mstari mzima sisemi kitu, halafu: "mpaka." Kimya tena, natazama mahali ambapo mabega yako yangekuwa. "Shaka." Kimya. "Haraka."

Waliodhani maiki imeharibika walikuwa wengi. Fundi wa sauti alikuja mbio akatikisa waya, nikamfukuza kwa mkono. Mtu mmoja nyuma akacheka. Vijana wa duara walikuwa wameelewa, niliwaona, walikuwa wameinamisha vichwa, na nilidhani nitafika mwisho hivyo hivyo, kwa ukimya, na baada ya hapo niende nyumbani.

Lakini mama yako hakuelewa hivyo. Mama yako aliona binti wa watu amekauka jukwaani. Kanisani kwao mwimbaji akikwama, akisahau maneno au akizidiwa, haachwi aaibike peke yake. Basi akainuka kwenye kile kiti cha plastiki, akanyoosha mkono, na katikati ya mstari wako, pale penye hewa, akapaza sauti: "Msaidie, Bwana!"

"Kuwaka," nikasema, maana ndilo lililofuata.

"Msaidie, Bwana!" Sasa kwaya nzima.

Bisi, nilikasirika. Nakuambia ukweli, nilitaka kusimamisha biti niwaambie wakae chini, wananiharibia. Huu ukimya nilikuwa nimeulinda, ulikuwa ndio kitu pekee safi nilichokuwa nacho, na sasa umeshakuwa ibada ya Jumapili. Lakini biti haingoji mtu. Neno linafika, nalisema. Ubeti wa pili vijana wa majaketi wakaanza kujibu nao, kwanza kwa utani, halafu utani ukawatoka. Yule dereva sauti yake ilikuwa inafika darini. Mstari mzima wanaujaza wao, "Msaidie, Bwana!", wanafika mwishoni wananyamaza wenyewe, wameshajua, wananiachia neno langu. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilimaliza, biti ikakatika, nikashuka. Watu walikuwa wanalia pande zote. Mimi nilikuwa na kiu.

Ugomvi ulianza kabla sijapata maji. Ssema alisema hii si hip hop ya kweri, hii ni kanisa. Mwingine akamuuliza nani ameghani mistari isiyo yake, nani ametumia pleibaki, sheria gani imevunjwa, itaje. Ssema akatafuta sheria, akaikosa, akakasirika zaidi. Mwingine akasema kasuku gani huyo anayesimamisha ukumbi mzima. Walibishana mpaka mwenye ukumbi akaja na funguo. Hakuna aliyeniuliza mimi. Na mama yako akapita katikati yao wote na kitenge chake, akanishika mashavu, akaniambia, "Nilikusaidia, eeh, mtoto wangu? Ulikuwa umepotea kabisa." Ana fahari mpaka leo. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimenyamaza makusudi. Hata sasa sina uhakika kama alikosea.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulijue, na ndilo lililonifanya niandike. Juzi prodyuza alipiga simu. Kuna video ya ukumbini inazunguka kwenye simu za watu na anataka kutoa wimbo haraka, na ile sauti iliyosafishwa. Anasema ndiyo itakayopigwa, ndiyo itakayokaa. Watoto watakaokua baadaye wakitaka kukujua watamjua yule. Nikamwambia sina ruhusa ya kutoa, mwenye mwana ni mama yake. Akasema sawa, mwulize. Akanitumia zote mbili, ile safi na ile ya kwanza uliyomlazimisha aihifadhi.

Nilikwenda kwa mama jioni akiwa anachambua maharagwe. Nikaogopa. Niliogopa kwamba ataipenda ile safi, maana ni nzuri, usidanganyike, ni nzuri sana, unasikika mzima kabisa. Mama gani hataki kumsikia mtoto wake akiwa mzima? Na angesema hii, ningefanyaje. Ningekubali. Ungekuwa umeshindwa, Bisi, na mimi ndiye ningekuwa nimebeba simu.

Nikamwekea ile safi kwanza. Alisikiliza, mikono kwenye maharagwe. Ilipoisha akasema, "Ni muzuri. Ni nani?"

Nikamwekea nyingine. Ilianza na ile pumzi yako ndefu kabla ya neno la kwanza, ile yenye mluzi ndani. Mama akaacha maharagwe. Hakusikiliza maneno, nakuambia, maneno hata hakuyajali. Kila ukivuta hewa anainua kidole. Unavuta, kidole kinapanda. Ukichelewa kidogo, anasimamisha kila kitu, hata kupepesa macho, mpaka uvute. Alikuwa anakuhesabu. Aliniambia baadaye kwamba tangu unanyonya alikuwa analala hivyo, sikio moja kifuani mwako, na kwamba Bukavu mlipojificha alikuziba mdomo kwa ajili ya ule mluzi, na akauachia kabla hatari haijapita kwa sababu hakuweza kukaa bila kuusikia. Nimeishi na wewe miaka hii yote na hukuwahi kuniambia. Labda hukujua.

Wimbo ukafika mwisho. Kuna pumzi moja baada ya neno langu la mwisho, ulikuwa unataka kusema kitu na prodyuza akazima. Mama alibaki na kidole juu. Alingoja. Simu ikazima taa, bado anangoja. Ilibidi nimshike mkono niushushe mimi.

"Usiwape wamukate," akasema.

Nimeshampigia prodyuza. Amesema redio hazitaupiga. Nikamwambia zisipige.

Basi, mwenzangu, naona nikuage. Kama ilikuwa hip hop Lubaga ama haikuwa, wataamua wao Jumamosi kule gereji, na najua hawataamua. Mimi nakwenda huko na mistari yangu mwenyewe. Ni michache na inachechemea, na nimegundua kwamba kuanza ni kugumu, sikujua, ulikuwa hulalamiki. Ssema ameniambia niilete, atasikiriza, kisha atanifukuza. Nakuahidi mambo mawili. Sauti yako haitatoka popote bila pumzi yake. Na mimi nitaanza mstari mbele za watu, na nikiishiwa, niishiwe hapo hapo wakinitazama. Nenda salama, Bisi.

Mama yako anakuja. Nimemwomba, nikinyamaza, aniache kwanza nihangaike mwenyewe. Amesema hawezi kuahidi.

Nekesa